Kutafuta Bia Njema Isiyo na Gluteni: Shajara ya Mradi Wetu wa Mtama na Ulezi, Tanga

Kabla ya kuanza

Mradi huu umezaliwa kwa sababu ya mtu mmoja. Rafiki yangu wa tangu utotoni, ambaye humu nitamwita Swahibu, alikwenda Ubelgiji kusomea uhandisi, na huko akajifunza kupenda bia za viwanda vidogo, zile ambazo mpishi huzipika kidogo kidogo na kila moja ina harufu, rangi na uchungu wake. Aliporudi Tanga alikuwa amekonda, damu imepungua na tumbo halimtulii. Alipimwa kingamwili katika damu, kisha kipande kidogo cha utumbo wake mwembamba kikatazamwa kwa hadubini, na jibu likawa ugonjwa wa seliaki. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, kila ikutanapo na gluteni, hushambulia utando wa utumbo mwembamba, na vile vinyweleo vinavyofyonza chakula hulala na kuharibika. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila 100 duniani anao, wengi wao bila kujua. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote.

Gluteni ni jina la jumla la protini zinazohifadhiwa ndani ya punje za ngano, shayiri na rai. Kwa mtu wa pwani, kuacha ngano ni kuagana na chapati, maandazi na sambusa, ingawa vitumbua na mkate wa kumimina, kwa kuwa ni vya mchele, vinabaki mezani. Kwa mpenzi wa bia msiba ni mkubwa zaidi, kwa sababu takriban bia zote anazozijua zimejengwa juu ya kimea cha shayiri, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Tembo la mnazi halina gluteni na Swahibu hulinywa kwa furaha akiwa Pangani, lakini tembo halina hopsi, yale maua yanayoitia bia uchungu na harufu, halina ladha ya kimea, na halikai chupani. Alichokuwa akikitamani ni bia.

Tuko watatu: Swahibu, mimi, na shemeji yangu ambaye ni fundi wa kuchomelea. Tunapika nyumbani kwangu, pembeni kabisa mwa mji, kwa matumizi yetu wenyewe. Majirani zetu wengi hawanywi pombe kwa imani yao, nasi tumekubaliana tangu mwanzo kwamba machicha, harufu na chupa tupu havitawafikia.

Juma la 1: Tunachokikubali na tunachokikataa

Jambo la kwanza tulilolijadili, tena kwa siku mbili nzima, ni kama tupike kabisa au tuagize. Ulaya na Marekani zipo bia za shayiri zinazotiwa kimeng'enya kinachotokana na ukungu uitwao Aspergillus niger, nacho huikatakata gluteni hadi kipimo kionyeshe kiwango kilicho chini ya miligramu 20 kwa kilo, ambacho ndicho kiwango cha juu kilichowekwa na Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kwa chakula kinachoitwa kisicho na gluteni. Mimi nilivutiwa na njia hiyo kwa sababu ni rahisi. Swahibu aliikataa, na sasa naona alikuwa na haki. Vipimo vingi vya gluteni vilibuniwa ili kuitambua protini ikiwa nzima. Ikishakatwa vipande na kuchachuka, kipimo kinaweza kuvipita vipande vyenyewe kisivione, na hakuna anayeweza kumhakikishia mgonjwa kwamba kila kipande kilichobaki hakimdhuru. Kwa sababu hiyo Marekani haikubali bia ya shayiri iliyotibiwa hivyo iitwe bia isiyo na gluteni. Inaruhusiwa tu kueleza kwamba imetibiwa ili kuipunguza.

Basi kanuni yetu ni moja: nafaka isiwe na gluteni tangu shambani, wala chombo kisiwe kimewahi kuigusa. Ikiwa hivyo, hatuna haja ya kuipima bia iliyochachuka, jambo ambalo ni gumu. Tunapima nafaka kavu na maji ya kusuuzia vyombo, jambo ambalo vijiti vya kawaida vya kupimia hulifanya vizuri. Shangazi yake Swahibu anayeishi Uingereza alituletea vijiti 20.

Nafaka tulizozichagua ni mtama na ulezi. Mtama tumechukua aina ya Macia kutoka Dodoma, ambao ni mweupe, na sababu ya kuchagua mweupe si rangi. Mitama mingi myekundu na ya kahawia, ile ambayo ndege huikwepa, ina tanini nyingi, kile kiini chenye ukakasi, na tanini hiyohiyo inayomfukuza ndege huvishika vimeng'enya vya kimea na kuvizuia kufanya kazi. Mkulima mwenye ndege wengi anaupenda mtama mwekundu kwa sababu ya haki kabisa, ila mpishi wa bia ya namna yetu atahangaika nao.

Juma la 2: Kijiti chekundu na gunia la ukungu

Juma hili limetufundisha mambo mawili kwa gharama.

Ulezi tulioununua sokoni, kilo 5, ulionyesha gluteni. Tulipima mara mbili, tukapata jibu lilelile. Niliporudi kwa muuzaji, mama mpole aliyenisikiliza mpaka mwisho, nikaona kopo alilopimia ulezi ndilo lilelile alilochotea ngano iliyokuwa kwenye gunia la pili yake. Hakuna kosa lolote katika kufanya hivyo. Nani angefikiri kwamba vumbi la ngano lina uzito? Tumewapa kuku ulezi ule. Baadaye tumepata ulezi mwingine ambao bado upo kwenye masuke, tukaupura wenyewe juu ya turubai jipya.

Nimegundua pia tofauti ambayo sikuitarajia kati ya nafaka hizi mbili. Punje ya ulezi ni ndogo mno, kwa hiyo punje ya ngano iliyopotea ndani yake hubaki juu ya chekeche bila shida. Punje ya mtama inakaribiana na ya ngano kwa ukubwa, chekeche halisaidii, na hapo hakuna njia isipokuwa kukaa chini, kumimina kwenye ungo kiganja kimoja kimoja, na kuchambua kwa macho. Kilo 6 za mtama zilituchukua jioni tatu. Tulipata punje mbili za ngano.

Jambo la pili ni ukungu. Tuliloweka mtama siku nzima, tukautandaza juu ya gunia la katani na kuufunika kwa gunia jingine, tukauacha uote. Masika imeingia, hewa ya Tanga imejaa maji, na siku ya tatu nilipofunua nikakuta mabaka ya kijani na kijivu pamoja na harufu ya kitabu kilicholowa. Shemeji alipendekeza tuondoe sehemu mbaya na kuokoa nyingine. Nimekataa, na nitaendelea kukataa siku zote. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye nafaka, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kuchacha. Tumeufukia mtama wote.

Juma la 3: Kwa Bibi

Tulikwenda kumwona bibi mmoja wa Kichaga aliyeishi mjini hapa zaidi ya miaka 30, ambaye bado huotesha ulezi kwa ajili ya mbege ya sherehe za ndugu zake. Ingefaa tuanzie kwake. Mbege, ile pombe ya ndizi na kimea cha ulezi, haijawahi kuwa na gluteni hata tone, na maarifa ya kuotesha ulezi yamekuwa mikononi mwa wanawake wa Kilimanjaro kabla ya neno gluteni kujulikana kwetu.

Tulipomwamkia na kumweleza shida yetu, aliuliza kwanza tuligeuza mtama mara ngapi kwa siku. Nikasema mara moja, asubuhi. Akacheka kwa huruma.

"Kimea hakioteshwi kwa saa ya ukutani, mjukuu wangu," alisema. "Tia kidole katikati ya gunia. Ukihisi joto, geuza. Ukihisi kumekauka, nyunyiza. Na usitandaze nene. Mbegu nayo inapumua."

Akatuonyesha pia jambo ambalo tulikuwa tumelisoma bila kulielewa. Kimea kikishakauka yeye hukisugua kati ya viganja na kukipeta mpaka mizizi na machipukizi yote yapeperuke. Kwa ulezi alisema ni kwa ajili ya kuondoa uchungu. Kwa mtama ipo sababu nzito zaidi: mtama unapochipua hutengeneza kiini kiitwacho dhurini, ambacho kikivunjika hutoa sianidi, na sehemu kubwa ya kiini hicho imo kwenye chipukizi. Kusugua, kupeta na kisha kuchemsha ndiyo kinga. Desturi ya mikono yake na maelezo ya kemia yamekutana mahali pamoja, na nilitoka pale nikiwa na heshima mpya kwa ungo.

Alituonyesha gamba la msesewe linalotia uchungu kwenye mbege. Swahibu alitamani sana tulitumie badala ya hopsi zinazosafiri bahari mbili. Nimelifikiria kwa siku kadhaa. Msesewe ni mti wa jamii ya Rauvolfia, jamii ambayo ndani yake mmoja ndio uliotoa dawa ya kale ya shinikizo la damu, na mimi sijui kupima kiasi cha gamba kama Bibi anavyojua. Tumeliacha kwa heshima.

Juma la 4: Kimea kinakubali

Tumeloweka mtama saa 24, tukibadilisha maji kila baada ya saa 6 na kuuacha nje ya maji kwa saa moja kila mara ili upumue. Tumeutandaza kimo cha vidole viwili, tumeugeuza mara nne kwa siku, na zamu ya usiku tumepokezana. Siku ya nne machipukizi yamefikia urefu wa punje yenyewe au zaidi kidogo. Jua lilipokosekana, shemeji alitengeneza kabati la kukaushia kwa bati na feni ndogo. Tumelishikilia kwenye nyuzi 50 za Selsiasi, kwa sababu kimea kikikaushwa kwa moto mkali hupoteza vile vimeng'enya tunavyovihitaji. Ulezi umefuata njia hiyohiyo, na umekuwa mtiifu kuliko mtama.

Kuhusu kusaga: mashine za mtaani hazifai kwetu, kwa kuwa husaga pia unga wa lishe, na unga wa lishe mara nyingi huwa na ngano. Tumenunua kinu kipya cha mkono. Mikono inauma.

Juma la 5: Upishi wa kwanza, na kwa nini ulishindwa

Kilo 3 za kimea cha Macia, kilo 1 ya kimea cha ulezi, lengo lita 15. Tulifuata njia ambayo kila kitabu cha bia ya shayiri kinaielekeza: kimea kilichosagwa kikatiwa kwenye maji ya moto, joto likatulia kwenye nyuzi 66, tukafunika sufuria kwa blanketi na kusubiri saa nzima. Maji matamu yanayotoka hapo wapishi wa kienyeji wangeyaita togwa, na jina hilo linatufaa kuliko lolote la kigeni, basi nitalitumia.

Togwa letu halikuwa tamu. Haidromita, kile kipimo kinachoonyesha wingi wa sukari majini, ilisoma 1.022, yaani chini ya nusu ya tulichokitarajia. Tone la iodini kwenye kisahani likageuka buluu nzito, ishara kwamba wanga bado ni wanga. Halafu kuchuja kukashindikana: mtama hauna ganda gumu la nje kama shayiri, kwa hiyo hakuna kitu cha kushikilia machicha yasigandamane, nasi tukabaki na tope ambalo lilidondosha maji tone moja moja hadi usiku wa manane. Tulichokipata baada ya kuchacha ni kinywaji chepesi chenye kileo kisichofika asilimia 2 na ladha ya maji ya uji uliolala.

Swahibu alikunywa glasi nzima. Alisema ni bia ya kwanza aliyoinywa bila hofu katika miaka mitatu. Nilifurahi kwa ajili yake na nikaumia kwa ajili ya bia.

Juma la 6: Joto mbili zisizopatana

Juma hili hatukupika. Tulisoma na kubishana. Tatizo, tulivyolielewa sasa, ni hili. Vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari hufanya kazi vizuri karibu na nyuzi 63, na joto likizidi sana vinakufa, hasa kile kinachotoa sukari ya maltozi. Lakini kimeng'enya hakiwezi kuula wanga mpaka chembe zake zimevimba na kulainika. Wanga wa shayiri hulainika kabla joto halijafika kiwango cha kuua vimeng'enya, kwa hiyo mpishi wa shayiri hupata mambo mawili kwa moto mmoja. Wanga wa mtama hulainika kati ya nyuzi 68 na 78. Ukifuata joto la vimeng'enya, wanga unabaki mgumu. Ukifuata joto la wanga, vimeng'enya vinakufa. Kwa upishi wa kwanza tulikuwa tumeulazimisha mtama kuwa shayiri.

Afrika imelipitia jambo hili kabla yetu, tena kwa kiwango cha viwanda. Nigeria ilipopiga marufuku kuingiza kimea cha shayiri mwaka 1988, viwanda vyake vilijikuta havina budi kujifunza kupika bia ya mtama na mahindi, na vilijifunza, kwa msaada wa vimeng'enya vya kununua. Uganda ilianza kutoa Eagle Lager mwaka 2002 kwa mtama wa aina ya Epuripur, na baadaye Kenya ikafuata na Senator Keg. Bia hizo zilifungua soko kwa wakulima wa mtama, jambo ambalo nalifurahia. Hata hivyo namwomba kila mgonjwa wa seliaki anayesoma hapa asidhani kwamba neno mtama kwenye chupa linatosha: bia inaweza kupikwa kwa mtama mwingi na bado ikatiwa kimea cha shayiri. Soma viambato vyote. Hali ni hiyohiyo kwa bia za muhogo.

Sisi hatutaki vimeng'enya vya kununua, si kwa sababu vina ubaya, bali kwa sababu tumeshavilea vya kwetu siku nne juu ya gunia la katani. Ipo njia ya kuvitenga na moto, kwa kuwa vimeng'enya huyeyuka kwenye maji ya vuguvugu na wanga hauyeyuki.

Juma la 8: Upishi wa pili

Nauandika upishi huu kwa urefu kwa sababu ndio uliobadilisha mradi.

Maji kwanza. Maji ya bomba ya Tanga, yanayotoka bwawa la Mabayani, yana klorini kama maji yoyote ya mjini, na klorini ikikutana na viini vya nafaka huacha ladha ya dawa. Tumeyachemsha jioni na kuyaacha wazi usiku kucha.

Saa moja asubuhi tulichanganya kilo 4 za kimea, vipimo vilevile vya mwanzo, na lita 14 za maji, joto likiwa nyuzi 45. Tulikoroga na kuacha dakika 40. Machicha yalipotuama tulichota taratibu lita 6 za maji ya juu, yenye rangi ya maziwa yaliyozimuliwa, tukayaweka pembeni kwenye ndoo yenye mfuniko. Ndani ya ndoo ile ndimo vilimokuwa vimeng'enya vyetu, salama.

Kilichobaki sufuriani tulikipandisha hadi kikachemka, mwiko ukizunguka bila kupumzika, kwa dakika 30. Hapa mtu aliyezoea kusonga ugali ana faida. Uji ule ulikuwa mzito kiasi kwamba nilihofia tumeharibu kila kitu. Kisha tukauacha upoe hadi nyuzi 75, ndipo tukarudisha zile lita 6, na kipimajoto kikatulia kwenye 63.

Katika dakika 20 uji mzito ulilegea mbele ya macho yetu ukawa majimaji. Shemeji aliuona kwanza, akaniita nikiwa uani. Baada ya dakika 90 iodini ilibaki na rangi yake ya kahawia. Tukapandisha hadi 72 kwa nusu saa, tukachanganya ndoo ya kumvi za mpunga zilizooshwa na kuchemshwa, zile ambazo wenye mashine za kukoboa huzitupa, na togwa likachuruzika safi kupitia chujio kwa saa moja, tukilisuuza kwa lita 8 za maji ya nyuzi 76. Haidromita: 1.046. Nilisoma mara tatu.

Tulichemsha saa nzima. Hopsi ni za Cascade, aina iliyotolewa Marekani mwaka 1972, yenye harufu inayokaribiana na ganda la balungi: gramu 20 mwanzoni kwa ajili ya uchungu, 15 zikibaki dakika 10, na 25 moto ulipozimwa.

Chachu imetugharimu mawazo mengi. Chachu za majimaji mara nyingi hukuzwa kwenye togwa la shayiri, kwa hiyo tumezikwepa na kutumia ya unga. Tumechagua Voss, mojawapo ya zile chachu za mashambani za Norwei ziitwazo kveik, ambazo hupenda joto la nyuzi 30 hadi 40 bila kutoa ladha kali. Wapishi wengine hulazimika kununua friza ili kulipoza pipa. Sisi chumba chetu cha nyuma kina nyuzi 31 mchana, na chachu iliyotoka kwenye baridi kali inakiona kama nyumbani. Ina uchu wa chakula, nalo togwa la mtama ni haba katika viini vinavyoilisha chachu, hivyo tulichemsha kijiko cha hamira ya mkate hadi ife, tukaitia iwe lishe ya ile iliyo hai.

Juma la 9: Chupa

Siku ya tano haidromita ilisimama kwenye 1.012 na haikusogea tena. Kileo ni karibu asilimia 4.5.

Chupa za bia zilizotumika zimejaa mjini na ni za kahawia, rangi inayofaa. Tumezikataa, kwa sababu zilikuwa na bia ya shayiri, na hatukutaka kuanza kubahatisha kuhusu mabaki. Tumechukua chupa 38 za soda za mililita 350, ambazo zina nguvu ya kuhimili gesi. Udhaifu wake ni kwamba nyingi ni nyeupe, na mwanga ukiipiga bia yenye hopsi huvunja viini vya uchungu na kuzaa harufu inayofanana na ya kicheche. Zimo ndani ya boksi, zimefunikwa khanga mbili, chini ya kitanda. Gramu 88 za sukari kwa pipa lote, ili zitengeneze gesi yake.

Juma la 12: Kuonja

Tulialika watu wanne wanaoijua bia na ambao hawana ugonjwa wowote, kwa kuwa nilitaka hukumu ya ulimi usio na njaa. Walisifu sana. Wahenga walishasema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, basi naandika kasoro kwanza.

Povu lilipanda vizuri likatoweka kabla ya funda la pili. Mwili wa bia ni mwembamba. Mwishoni ulimi hubaki na ukakasi mdogo kama wa ganda la punje, ambao nadhani umetokana na kusuuza machicha kupita kiasi. Mazuri yake: harufu ya machungwa iliyotoka kwa chachu imeshikana na Cascade mpaka huwezi kuzitenga, uchungu ni safi, na ulezi umeacha chini kabisa ladha ya karanga zilizokaangwa ambayo sijaikuta kwenye shayiri yoyote. Mgeni mmoja aliuliza kama tutaweza kuifanya ifanane zaidi na bia ya kawaida. Swahibu alijibu kabla yangu: "Usiifananishe, ndugu yangu. Iache iwe ya mtama."

Kuhusu povu tumegundua chanzo ambacho hakimo vitabuni. Glasi zote zilisuguliwa kwa sponji iliyoosha sufuria ya samaki wa nazi. Mafuta huua povu, na mtama wenyewe tayari una mafuta mengi kidogo kuliko shayiri. Tulifungua chupa nyingine kwenye glasi iliyosuguliwa kwa chumvi na kusuuzwa kwa maji ya moto, na povu lilidumu dakika tatu. Glasi za bia sasa zina rafu yake na sponji yake.

Juma la 15: Upishi wa tatu

Tumebadilisha vitu vitatu tu. Ulezi umeongezwa hadi kilo 1.5. Nusu kilo ya kimea cha mtama tumeikaanga kikaangoni kwa moto mdogo hadi ikawa na rangi ya mdalasini, na hiyo imeingia moja kwa moja kwenye uji wa kuchemsha kwa kuwa haina tena vimeng'enya vya kupoteza. Maji ya kusuuzia yamepunguzwa hadi lita 6. Shemeji alitaka tutie iliki na karafuu za Amani. Nimemwomba asubiri, maana sitaki viungo vifunike kasoro ambayo bado hatujaijua.

Haidromita 1.050, mwisho 1.013. Rangi ya asali ya nyuki wadogo. Ukakasi haupo.

Juma la 18: Majibu ya Swahibu

Swahibu amekunywa bia yetu tangu juma la 12, si zaidi ya chupa mbili kwa juma kama daktari wake alivyomruhusu, na tumbo limetulia. Leo amerudi na karatasi ya kipimo cha kingamwili: kimebaki kwenye hali ya kawaida. Ataendelea kupima kila miezi sita, nasi tutaendelea kupima kila gunia linaloingia.

Alifungua chupa ya upishi wa tatu, akaimimina taratibu, akalitazama povu bila kusema kitu hadi lilipoanza kuacha duara nyeupe kwenye glasi. Alipomaliza kunywa aliuliza machungwa ya Muheza yataanza lini, kwa sababu ganda moja bichi, likiingia moto unapozimwa, lingefaa pale ambapo Cascade inaishia. Nimemkubalia. Hicho si kiungo cha kufunika.

Kilo 3 za Macia zimeingia majini leo saa kumi na mbili jioni. Maji yatabadilishwa saa sita usiku, na zamu ni yangu.